Kirusi kinachojua kunyamaza

Nimepotea wiki kadhaa, naomba radhi. Kazi ya kuhamisha mfumo wa mteja mmoja kutoka seva hii kwenda ile imenila usingizi, na wale waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata itabidi wavumilie kidogo. Leo nina habari ya kirusi, na si kirusi cha kompyuta. Ni historia, tena ndefu, kwa hiyo jitilie chai kabisa.

Imeanza na kasa. Mume wa mama yangu mdogo ni mvuvi hapa Watamu, na mwezi uliopita alimkuta kasa wa kijani amenasa kwenye wavu wake ndani ya hori ya Mida. Wavuvi wengi wa kwetu wakinasa kasa hupiga simu kwa Local Ocean Conservation, wale walioanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Wao huja kumpima, na akiwa mzima humrudisha baharini. Huyu hakuwa mzima. Shingoni, kwenye mapezi na kando ya jicho moja alikuwa na vinundu kama vichwa vya koliflawa. Mama mdogo alikuwa pale ufukweni akitazama. Akaambiwa kwamba vinundu hivyo vinahusishwa na kirusi cha jamii ya herpesi, na kwamba kasa anaweza kukibeba kirusi hicho bila kuonyesha dalili yoyote. Akauliza kama binadamu naye ana cha kwake. Akaambiwa anacho, tena si kimoja.

Jioni akanituma mtoto kuniita. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba, sanduku lake liko wazi miguuni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki.

Mwaka 2005 nilikuwa na miaka minane, na kifungua mimba wake alikuwa na sita. Tulilala mkeka mmoja. Alianza kulalamika jino, taya likavimba upande mmoja, akapelekwa kliniki (siitaji jina), jino likang'olewa, akapewa vidonge, akarudishwa nyumbani. Wiki mbili baadaye meno ya jirani yalikuwa yanacheza yote na jicho limeanza kusukumwa nje. Nauli ya kwenda hospitali kubwa ilipopatikana, na tumbo nalo lilikuwa limejaa. Hakurudi. Karatasi aliyonipa mama mdogo ndiyo iliyotoka huko, na katikati ya maandishi ya daktari palikuwa na neno moja ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisoma: Burkitt.

"Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Huyu wangu naye alikuwa na kirusi? Na kama ni kirusi, nani alimpa? Nilimpa mimi?"

Nilimwambia anipe siku chache. Shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, baiolojia niliiacha kidato cha nne. Nimesoma usiku tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Neno lile ni jina la mtu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu kwa sababu la pili alilipoteza utotoni. Alifika Uganda mwaka 1946, na baada ya miaka michache huko Lira akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna ile. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akamwona msichana mdogo mwenye uso uleule, na alipompima akakuta uvimbe tumboni pia. Daktari mwingine angesema ni bahati mbaya mbili. Yeye alirudi kwenye mafaili ya hospitali kuhesabu, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza juu ya uvimbe huo wa mataya ya watoto wa Afrika.

Sehemu inayonifurahisha mimi ni iliyofuata, kwa sababu ni kazi ya data iliyofanywa bila kompyuta hata moja. Burkitt alituma barua kwa madaktari kote barani zikiwa na picha na swali: umewahi kumwona mtoto kama huyu? Majibu akayatia kwenye ramani. Kisha Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari la Ford la mwaka 1954 na kuzunguka kwa wiki kumi, kilomita kama 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, hospitali moja baada ya nyingine. Ramani ikaonyesha ukanda. Kwenye nyanda za juu zenye baridi uvimbe haukuwepo, na mahali pakavu mno pia haukuwepo. Hapa Kenya maana yake ni kwamba Nyanza ilikuwa ndani, Pwani yetu ndani, na milima ya katikati nje. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi vya mbu pale Entebbe, aliitazama ramani hiyo akaona kwamba mpaka halisi ulikuwa joto, na joto maana yake ni mbu. Basi wote wakaanza kutafuta kirusi kinachobebwa na mbu. Walikuwa nusu sahihi, na nusu ile nyingine iliwapoteza kwa muda.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa likizo Uingereza akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa miaka 39 aliyekuwa akishughulika na kirusi cha saratani ya kuku. Alitoka mle ndani akiwa ameamua kuacha kazi zake nyingine. Wakapatana na Burkitt: vipande vya uvimbe vitasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na yeye atavitazama kwa hadubini ya elektroni.

Alitazama kwa zaidi ya miaka miwili bila kuona kitu. Fikiria, msomaji, kutafuta hitilafu moja kwenye programu kwa miaka miwili na kila siku skrini haina lolote! Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester, na chupa ikafika ikiwa imechelewa na maji yake yamekuwa machafu. Wengine wangeimwaga wakidhani bakteria wameingia. Epstein alichukua tone akalitazama kwa hadubini ya kawaida, akaona seli za uvimbe zikiwa hai, zimejitenga na kipande na kuelea kila moja peke yake. Hapo akapata wazo la kuzikuza hivyo hivyo, zikielea. Zikakua. Tarehe 24 Februari 1964 aliziweka chini ya hadubini ya elektroni, na ndani ya seli mojawapo akaona chembe za kirusi, za umbo la jamii ya herpesi. Kwa maelezo yake mwenyewe aliizima mashine na kwenda kuzunguka nje kwenye theluji mpaka moyo utulie. Makala ilitoka katika jarida la Lancet mwezi uliofuata, yenye majina matatu: Epstein, Bert Achong kutoka Trinidad, na Yvonne Barr kutoka Ireland. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Epstein alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 102.

Hebu sasa rudi kwenye jambo ambalo lingepaswa kukushangaza. Kwa nini aliangalia miaka miwili bila kukiona, na kirusi kilikuwa mle mle tangu mwanzo?

Jibu lilichukua kizazi kizima, na kabla yake likaja jambo la kuchanganya zaidi. Huko Philadelphia, mume na mke Werner na Gertrude Henle walipopima damu za watu wa kawaida walikuta kwamba karibu kila mtu mzima ana kingamwili dhidi ya kirusi hiki. Wewe unayesoma hapa karibu hakika unacho. Mimi ninacho. Kinaambukizwa kwa mate, hukaa ndani ya seli B za damu, na hakitoki mpaka unaingia kaburini. Ukikipata mdogo hujui hata umekipata. Sasa kama ni cha kila mtu, mbona uvimbe ni wa watoto wa ukanda ule? Na kama mwili unakijua kirusi, kiasi cha kukitengenezea kingamwili, mbona haukifukuzi?

Aliyelishika swali hili la pili na kulifanya kazi ya maisha yake ni Alan Rickinson. Alijiunga na Epstein huko Bristol, ambako Epstein alikuwa profesa tangu 1968, na mwaka 1983 akahamia Chuo Kikuu cha Birmingham akabaki huko. Si mtu ambaye jina lake utalikuta kwenye kitabu cha shule. Lakini kwa miaka zaidi ya thelathini aliuliza jambo moja tu kwa namna nyingi: kinga inakionaje kirusi hiki, na kirusi kinafanyaje isikione?

Hapa inabidi nieleze kidogo, na nitaeleza kwa lugha yangu ya kazini. Kila seli mwilini mwako inaandika kumbukumbu zake hadharani. Protini zinazotengenezwa ndani hukatwakatwa vipande, vipande vinapitishwa na pampu moja hadi kwenye vibao maalumu viitwavyo HLA, na vibao hivyo vinatundikwa nje ya ukuta wa seli. Seli T ndizo askari wa doria. Zinapita zikisoma vibao. Zikikuta kipande cha protini ngeni, seli hiyo inauawa, haipewi nafasi ya kujieleza. Mtu yeyote aliyewahi kulinda seva ataona uzuri wa mpango huu: hauhitaji kumfahamu mhalifu mapema, unasoma tu kinachoandikwa.

Sasa programu hasidi ikitaka kuishi ndani ya mfumo kama huo ina njia mbili. Iharibu uandishi wa kumbukumbu, au isifanye lolote la kuandikwa. Jamii ya herpesi imetumia zote mbili. Kirusi cha malengelenge ya midomo kina protini ndogo inayoziba ile pampu, jambo lililogunduliwa kati ya 1994 na 1995. Ndugu yake, sitomegalovirusi, huvivuta vibao vya HLA kutoka mahali vinapotengenezwa na kuvipeleka kwenye kinu cha kusagia takataka cha seli yenyewe. Hilo lilielezwa mwaka 1996 kutoka maabara ya Hidde Ploegh huko Marekani. Epstein-Barr naye huziba pampu anapokuwa akizaana. Kikundi cha Rickinson na Waholanzi wa Leiden walilichapisha hilo mwaka 2007. Lakini Epstein-Barr anapokuwa ametulia ndani ya seli B, ambako anakaa miaka yote, hutumia njia ya pili. Hunyamaza.

Mwaka 1978 Rickinson, pamoja na Denis Moss na John Pope, alichapisha jaribio rahisi ambalo bado nalifikiria. Chukua damu ya mtu mwenye kirusi. Ongeza kirusi kingi kwenye kisahani. Siku za mwanzo seli B zilizoambukizwa zinaongezeka kwa kasi, zinafanya mafungu mafungu, unaweza kuona kwa jicho. Kisha baada ya wiki chache zinaanza kufa, zote. Seli T za mtu huyo zimezisoma na kuziua. Ukifanya hivyo kwa damu ya mtu asiye na kirusi, seli B zinaendelea kukua tu. Kwa hiyo askari wapo, wana kumbukumbu, na wanaweza kazi. Ndipo swali lilipokuwa gumu zaidi: kama askari wapo, uvimbe unaishije?

Sehemu moja ya jibu ilitoka Gambia mwaka 1984. Hilton Whittle na wenzake walifanya jaribio lilelile la kisahani kwa damu ya watu waliokuwa wakiugua malaria. Seli zilizoambukizwa hazikufa. Wakati wa malaria askari walikuwa hawafanyi kazi yao. Hii ndiyo ile nusu ya ramani ya Burkitt: mbu alihusika kweli, ila hakubeba kirusi hiki, alibeba malaria. Malaria huzifanya seli B ziongezeke ovyo, na kila seli inapogawanyika upo uwezekano wa kosa la kunakili. Kosa lenyewe lilijulikana mwaka 1982: kipande cha kromosomu ya nane chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kuunganishwa mahali pasipo pake, na seli ikaambiwa igawanyike bila kikomo.

Nilipofika kwenye orodha ya waandishi wa makala ya Gambia nilisimama. Jina la tatu ni Kevin Marsh. Huyu ndiye aliyekuja hapa kwetu mwaka 1989 akawa mmoja wa walioanzisha kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi. Kutoka nyumbani kwa mama mdogo ni mwendo wa kilomita kama hamsini, matatu moja. Nimepita mbele ya geti lile mara nyingi nikidhani mle ndani wanashughulika na mbu tu.

Sehemu nyingine ya jibu ilikuwa ndani ya uvimbe wenyewe. Mwaka 1985 kikundi cha Rickinson kilionyesha kwamba seli T zinazoziua bila shida seli B za kawaida zilizoambukizwa maabara hupita mbele ya seli za uvimbe wa Burkitt bila kuzigusa. Kirusi ni kilekile ndani ya zote mbili. Miaka miwili baadaye, Martin Rowe, Rickinson na wenzao wakapata sababu. Katika seli zilizoambukizwa maabara kirusi kinatengeneza protini tisa za kukaa kwa utulivu, na seli T zinazisoma nyingi kati ya hizo. Ndani ya uvimbe, nane zimezimwa. Imebaki moja, EBNA1. Kwa hiyo Epstein alipotazama miaka ile miwili, kirusi kilikuwa pale kwa umbo la DNA tupu na protini moja. Hapakuwa na chembe za kuonekana. Alizikuta alipozikuza seli kwa sababu kwenye chupa baadhi ya seli huamka na kuanza kutoa chembe.

Kwa nini hiyo moja haizimwi? Kwa sababu ndiyo inayoifunga DNA ya kirusi kwenye kromosomu za mwenyeji wake ili seli ikigawanyika, kirusi nacho kinakiliwe kiende kote kuwili. Bila EBNA1 kirusi kingepotea. Ni lazima ibaki, na kitu kinacholazimika kubaki ndicho ambacho askari wangekishika. Hapo mwaka 1995 watafiti wa Stockholm, Jelena Levitskaya na Maria Masucci na wenzao, walichapisha maelezo ambayo yalinifanya nicheke peke yangu saa nane za usiku. Zaidi ya theluthi moja ya EBNA1, katika aina ya kirusi inayotumika sana maabara, ni marudio ya herufi mbili tu za alfabeti ya protini, glisini na alanini, zinarudiwa na kurudiwa bila maana yoyote inayoonekana. Sisi watu wa programu tunaijua mbinu hii: unajaza katikati ya msimbo maagizo yasiyofanya kitu ili kumchosha anayeusoma. Sehemu hiyo inazuia EBNA1 isikatwekatwe na kutundikwa kwenye vibao. Ukiiondoa, seli T zinaiona.

Nilitaka kuishia hapo kwa sababu ni hadithi nzuri mno. Lakini kuna marekebisho, na mojawapo lilitoka kwenye kikundi cha Rickinson mwenyewe. Mwaka 2003 Robin Fåhraeus na wenzake walionyesha kwamba marudio yale hupunguza hata utengenezaji wa EBNA1: seli inaiandika polepole, kwa hiyo mabaki ya kutundikwa ni machache. Mwaka 2004 watu wa Birmingham wakaonyesha kwamba baadhi ya seli T huiona EBNA1 kwa kiasi fulani licha ya hayo yote. Kwa hiyo ukimya haukuwa kamili. Mtu aliyejenga jina lake kwa kueleza jinsi kirusi kinavyojificha, maabara yake ndiyo iliyosema: kinaonekana kidogo. Nimekaa vikao vingi vya wataalamu wa mifumo na sijaona wengi wenye moyo huo.

Marekebisho hayo yana maana kwetu kuliko yanavyoonekana. Kama EBNA1 inaonekana kidogo, basi watoto wengi wanaokaa ukanda wa malaria wanaishi kwa sababu ya kidogo hicho. Ann Moormann, Rosemary Rochford na wenzao wa KEMRI wamefuatilia jambo hili Kisumu, wakilinganisha na Nandi ambako malaria ni haba. Mwaka 2005 waliripoti kwamba watoto wadogo wa Kisumu wana kirusi kingi zaidi kwenye damu. Mwaka 2009 wakaripoti kwamba watoto wengi wazima wana seli T zinazoitikia EBNA1, na kati ya watoto wenye uvimbe wa Burkitt ni wachache mno walio nazo. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba Kisumu watoto hukipata kirusi wakiwa na miezi kama saba kwa wastani, na Nandi miezi minane na ushei. Miezi saba! Mtoto hajaanza hata kutambaa vizuri.

Nilirudi kwa mama mdogo Ijumaa baada ya swala. Sikuwa na maneno ya maabara, nilikuwa na maneno ya kawaida, na nilianza na swali lake kwa sababu ndilo alilokuwa akilisubiri. Nikamwambia: kirusi alikuwa nacho, ndiyo. Kinapita kwa mate. Huenda kilitoka kwako, huenda kwa baba yake, huenda kwangu mimi niliyekuwa nikimmegea muhogo nilioutafuna. Kila mtoto wa Watamu wa umri wake alikuwa nacho, na wenzake wale wote leo wana watoto wao. Kirusi peke yake hakikumuua.

Akauliza, basi ni nini? Nikamweleza malaria, jinsi alivyoumwa mara tatu mwaka ule, na jinsi homa ile inavyowasumbua walinzi wa mwili wakati ambapo ndani kuna mtu aliyejificha. Nikamweleza kosa la kunakili, ambalo hakuna mtu aliyelifanya. Alisikiliza akiwa ameshika ile karatasi.

Kuna jambo nilikusudia kutomwambia. Burkitt mwenyewe, miaka ya sitini, alijaribu dawa za saratani kwa watoto wa Mulago, kwa dozi ndogo kwa sababu hakuwa na vifaa vya kusimamia dozi kubwa. Taya la mtoto lilinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Ni moja ya saratani za kwanza kuonekana kutibika kwa dawa peke yake. Lakini pia ni uvimbe unaokua kwa kasi kuliko karibu mwingine wowote kwa binadamu: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki mbili kwa uvimbe kama huo ni muda mrefu sana.

Alinitazama, akakunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa.

"Ni lile jino," akasema. "Tungejua si jino."

Sikukataa. Nilimwambia kwamba jino linalocheza kwa mtoto na taya linalovimba haraka bila usaha, daktari anapaswa kukata kipande na kukipeleka kupimwa, na kwamba hata leo watoto wengine hung'olewa meno kwanza. Akaniuliza kama hayo yameandikwa mahali kwa Kiswahili. Nikamwambia nitaangalia.

Kasa bado yuko kwenye tangi pale Local Ocean. Wamemkata vinundu vya jichoni na anakula. Mume wa mama mdogo hupita kumtazama akitoka baharini, na juzi alisema wanangojea kuona kama vitarudi.